NDEGE YA NYUZI MBILI: NAMNA YA KUIUNDA NA KUIRUSHA KWA BETRI



Hapa kwetu Nyakasimbi si ajabu kumkuta mtoto wa miaka minane ametengeneza gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu. Gari hilo linakwenda na linakata kona kweli. Lakini ukimwomba akutengenezee ndege, atakuletea kitu chenye umbo la ndege tu, ambacho utalazimika kukishika mkononi na kukimbia nacho huku ukinguruma kwa mdomo. Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kuunda ndege ndogo inayoruka yenyewe, kwa kutumia vitu ambavyo vingi vyake vinapatikana hapa hapa kijijini.

Ndege tunayoizungumzia ina mabawa ya sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha, uzito wa gramu 200 hivi, mota ya umeme puani, na nyuzi mbili zinazotoka kwenye bawa la kushoto hadi mkononi mwa mrushaji. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, nayo ndege humzunguka kinyume na mwendo wa saa. Haina redio wala kompyuta. Kupanda kwake na kushuka kwake kunatokana na kifundo cha mkono wako.

ILIKOTOKA

Mtindo huu ni wa zamani. Ulianzia jimbo la Oregon, Marekani, ambako Oba St. Clair alirusha ndege ya kuongozwa kwa nyuzi karibu na mji wa Gresham mwaka 1936. Mtambo wake ulikuwa mkubwa na wenye nyuzi nyingi. Aliyeurahisisha na kuueneza ni Jim Walker wa mji wa Portland katika jimbo hilohilo, ambaye mwaka 1940 kampuni yake ya American Junior ilitoa ndege iliyoitwa Fireball. Walker alikuwa bingwa wa maonyesho, kwani aliweza kurusha ndege tatu kwa wakati mmoja, mbili kwa mikono na ya tatu nyuzi zake zikiwa zimefungwa kichwani! Alikuwa pia na hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasiige kazi yake. Mwaka 1955, katika kesi yake na Leroy Cox ambaye alikuwa mtengenezaji wa injini ndogo, hataza hiyo ilitenguliwa mahakamani kwa kuwa St. Clair alikuwa amemtangulia.

Ndege ndogo za miaka ile zilitumia injini za sentimita za ujazo 0.8 tu, zinazoenea kiganjani. Mafuta yake yalikuwa mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya nyonyo. Naam, nyonyo hii hii inayoota yenyewe nyuma ya nyumba zetu, kwa sababu mafuta yake hulainisha injini vizuri hata ikipata moto mkali. Tatizo ni methanoli. Hiyo ni sumu inayopofusha macho na kuua, na kwa sura haina tofauti na maji. Aidha, ndege inapozunguka, mafuta hutupwa upande wa nje wa tangi, hivyo tangi lilipaswa kuwa na umbo maalumu ili injini isizimike kabla ya wakati. Siku hizi wapenzi wa ndege hizi huchukua michoro ileile ya zamani, wakaiondoa injini na kuweka mota na betri. Kwa maoni yangu, kwa wanafunzi wa bweni hili ni jambo la heri. Sipendi hata kufikiria chupa ya methanoli ikiwa chini ya kitanda cha mtoto.

SIRI YAKE NI UZI ULIOKAZA

Ndugu msomaji, ukilielewa jambo hili moja umeielewa ndege nzima. Katikati ya bawa kuna kipande cha pembetatu kinachozunguka juu ya skrubu. Pembe mbili zimefungwa nyuzi zinazokuja mkononi mwako, na pembe ya tatu imeshika spoku inayokwenda mkiani. Ukikiinua kifundo cha mkono, uzi wa juu unavutwa, pembetatu inazunguka, spoku inasogea, kibawa cha mkia kinainuka na pua ya ndege inapanda. Ukikishusha, mambo yanakuwa kinyume chake. Lakini haya yote yanafanyika pale tu nyuzi zinapokuwa zimekaza. Zikilegea, hata ufanye nini kwa mkono wako, ndege haina habari nawe.

Ni kitu gani basi kinachozikaza? Ni mwendo. Aliyewahi kutumia kombeo kufukuza ndege shambani anaijua hesabu hii kwa mkono kabla ya kuisoma kitabuni: ukizungusha kwa kasi kamba inavuta kiganja, ukizungusha polepole inalegea na jiwe linakuangukia. Wale watakaofika kidato cha tano wataikuta rasmi katika somo la fizikia. Chukua uzito wa ndege kwa kilo, uzidishe kwa mwendo, uzidishe tena kwa mwendo uleule, kisha ugawe kwa umbali kutoka katikati ya duara.

Tuifanye kwa ndege yetu. Nyuzi zina urefu wa mita 7 na nusu, na ukijumlisha mkono unapata mita 8. Ndege ikienda mita 15 kwa sekunde, tunapata 0.2 mara 15 mara 15, gawa kwa 8, jibu ni nyutoni 5.6. Ndege yenyewe ina uzito wa nyutoni 2. Maana yake inauvuta mkono wako kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya uzito wake, sawa na kushika zaidi kidogo ya nusu kilo ya sukari. Huo ni mvuto mzuri. Sasa mwendo ukishuka hadi mita 8 kwa sekunde, hesabu inatoa nyutoni 1.6, yaani chini ya uzito wa ndege. Mwendo umepungua kwa karibu nusu, lakini mvuto umebaki chini ya theluthi moja! Hapo upepo mdogo tu unatosha kuzilegeza nyuzi.

Hivyo basi anayeanza asidanganyike kuongeza urefu wa nyuzi kwa kuogopa kizunguzungu. Ukiziongeza ziwe mara mbili na mwendo ukabaki uleule, mvuto unapungua kwa nusu. Kizunguzungu huisha chenyewe baada ya siku chache za mazoezi.

Mafundi wa zamani walikuwa na hila nne za kuifanya ndege ipende kwenda nje ya duara, nazo zote zinafaa mpaka leo. Mota huelekezwa upande wa kulia kwa nyuzi 2 au 3 za pembe. Usukani wa wima wa mkia hupindwa kidogo kulia. Ncha ya bawa la kulia huwekewa uzito mdogo, kwa mfano nati moja, ili ubebe sawasawa na uzito wa nyuzi zilizo upande wa kushoto. Na bawa la kushoto hufanywa refu kuliko la kulia kwa sentimita 2 hivi, kwa sababu liko karibu na katikati ya duara na hivyo linakwenda polepole zaidi. Kwa ndege yetu tofauti ya mwendo kati ya ncha hizo mbili ni kama asilimia 8, lakini nguvu ya kunyanyua inafuata mwendo mara mwendo, hivyo tofauti yake hufikia asilimia 16. Si jambo la kupuuza.

UUNDAJI

Bawa tengeneza kwa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni na friji. Tafuta kipande bapa chenye unene wa sentimita 1, ukate urefu wa 60 na upana wa 15. Kwa vipimo hivyo povu lina gramu 20 hivi tu. Kata kwa wembe mpya, kwani wembe butu unalichana. Ukingo wa mbele ufanye wa mviringo kwa msasa na wa nyuma uwe mwembamba. Kisha ulaze ufito wa mwanzi ndani ya bawa kutoka ncha hadi ncha, kwa kuchimba mfereji mwembamba na kuugundisha. Tumia gundi nyeupe ya mbao na uache ikauke usiku kucha. Supaglu ya kawaida isiguse povu kabisa, inaliyeyusha mbele ya macho yako. Petroli nayo ni hivyo hivyo.

Kiwiliwili kinakatwa kwenye plaiwudi ya milimita 3, kisimame wima kama samaki aliyekaushwa, kikiwa na urefu wa sentimita 45, upana wa 6 upande wa mbele na 3 upande wa nyuma. Ndege halisi zina kiwiliwili cha mviringo, lakini hiki bapa ni chepesi kuunda na kikivunjika kinaungwa kwa dakika kumi. Pembetatu ikate kwenye plastiki ngumu ya ndoo iliyopasuka, pande zake ziwe sentimita 5. Skrubu yake isishikwe na povu hata kidogo. Igundishie kibao cha plaiwudi ambacho kimeshikana na ufito wa mwanzi na kiwiliwili kwa pamoja, maana hapo ndipo mvuto wote tulioupigia hesabu unapokaa. Spoku ya baiskeli inafaa kupeleka mwendo mkiani, na nyingine hukunjwa ikawa miguu. Magurudumu ni ndala, kama ya gari la waya.

Mkia ni wa povu pia, sentimita 24 kwa 7, na sehemu ya nyuma ya sentimita 3 ndiyo inayoinuka na kushuka, ikiwa imeshikwa kwa vipande vya kitambaa vilivyogundishwa. Isicheze zaidi ya nyuzi 15 za pembe juu au chini. Mkia usidharauliwe. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17, ameandika habari za Abbas ibn Firnas wa Cordoba, mwanachuoni aliyefariki mwaka 887, kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka angani, lakini wakati wa kutua aliumia mgongo kwa kuwa hakujiwekea mkia. Ikiwa na mabawa bila mkia, ndege hujipindua pua chini au pua juu, na hakuna mkono wa binadamu wenye wepesi wa kuizuia.

Ukimaliza, ishike ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa. Inapaswa kukaa sawa ukiishika sentimita 3 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Ikiinamisha mkia, sogeza betri mbele. Nyuzi zitoke kwenye ncha ya bawa sentimita 1 nyuma ya hapo palipolingana, ndipo pua ya ndege itaelekea nje kidogo. Zikitoka mbele ya hapo, ndege itakugeukia wewe.

Kuhusu nyuzi zenyewe, nailoni ya kuvulia samaki haifai kwani inavutika kama mpira, mkono unasema sasa na mkia unasikia baadaye. Uzi mnene wa polista unaoshonea makochi ni bora. Nyuzi zote mbili ziwe na urefu uleule kabisa. Kipini cha mkononi kiwe cha mbao, na kiwe na kitanzi cha kufunga kwenye kifundo cha mkono ili kisikuponyoke. Kabla ya kila siku ya kurusha, vuta ndege na kipini kwa nguvu ya mara kumi ya uzito wa ndege, yaani kilo 2. Kama kuna kitu cha kukatika, kikatike hapo chini.

MOTA NA BETRI

Sehemu hii ndiyo inayohitaji pesa, na vifaa vyake huagizwa mbali. Tunahitaji mota isiyo na brashi ya gramu 28 hivi, inayozunguka mara 2000 kwa dakika kwa kila volti, kidhibiti mwendo cha ampia 10, taima ndogo ya kuizima mota baada ya muda uliopangwa, na pangaboi lenye kipenyo cha inchi 6 na msukumo wa inchi 4. Betri ni ya lithiamu polima yenye seli mbili, volti 7.4, miliampia-saa 450, uzito wa gramu 30.

Mota hiyo inakula ampia 6 hivi. Kwa hesabu, betri ingeisha kwa dakika 4 na nusu, lakini betri za aina hii huharibika zikikaushwa kabisa, kwa hiyo taima ipangwe dakika 3, na anayeanza dakika 1 na nusu.

Najua kuna atakayejaribu betri ya simu. Asijaribu. Betri ya simu imeundwa kutoa ampia moja au mbili, ukiilazimisha kutoa sita itapata moto, itavimba, na inaweza kuwaka. Hata hiyo ya lithiamu polima ina masharti yake. Ichajiwe kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mtu akiwa karibu, kamwe si kitandani. Ikivimba au ikitobolewa katika ajali ya ndege, isitumike tena.

Pangaboi linazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Lihesabu kuwa ni panga. Betri iunganishwe uwanjani tu, msaidizi akiwa ameishika ndege kutoka nyuma.

Mota ya namna hii ina waya tatu, na ukibadilishana waya mbili zozote inazunguka kinyume. Pangaboi la kawaida linapozunguka huisukuma ndege ilalie kushoto, yaani ndani ya duara, na uzi unalegea. Ukipata pangaboi la kinyume, badili waya mbili, na ndege italalia nje yenyewe. Hila hii haikuwa rahisi kwa injini za methanoli.

Kuna faida nyingine inayotuhusu sisi wa nyanda za juu. Karagwe sehemu kubwa iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyembamba, kama asilimia 86 ya ile ya Tanga au Dar es Salaam. Injini inayochoma mafuta hukosa oksijeni na kupungukiwa nguvu, ilhali mota ya umeme haivuti pumzi. Hata hivyo bawa nalo linahisi wembamba huo, hivyo ndege yetu inahitaji mwendo wa asilimia 8 zaidi ili ibebwe sawa na ya pwani. Ndiyo sababu nyingine ya kuiunda nyepesi.

UWANJANI

Kabla ya kingine chochote, tazama juu. Nyuzi za ndege zikigusa waya wa umeme, hasa zikiwa na umande au mvua, umeme unaweza kushuka hadi mkononi, na warushaji wa nchi nyingine wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Usirushe karibu na nguzo za TANESCO, wala usipimie kwa jicho ukasema panatosha. Ukisikia ngurumo hata kwa mbali, kunja nyuzi urudi nyumbani, kwani ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Kwa kuwa sisi ni watu wa wilaya ya mpakani, ni vyema pia mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa mapema, asije akaletewa habari za ndege ngeni.

Uwanja wa mpira unafaa. Watazamaji wakae mita 15 au zaidi kutoka alipo mrushaji, na mbuzi waondolewe. Asubuhi mapema upepo huwa umetulia. Upepo ukiwepo, ndege ianzie robo ya duara kabla ya kufika upande unaokokwenda upepo, ili inapoacha ardhi isukumwe mbali nawe na nyuzi zikaze. Upande unakotoka upepo ndio wa hatari, maana huko unasukumwa kukuelekea.

Mkono unyooke na uwe wa bega zima, si wa kifundo peke yake. Anayeanza huinua kwa pupa, ndege inapanda wima, anaogopa, anashusha kwa pupa, na povu linatawanyika uwanjani. Mwache msaidizi aiachie, nawe ushike kipini wima bila kufanya kitu mpaka iinuke yenyewe. Kisha iweke usawa wa kichwa chako na uitazame hiyo tu, usitazame miti inayopita nyuma yake. Mwenzako ahesabu kwa saa. Mizunguko kumi kwa sekunde 33 au 34 ndio mwendo wa mita 15. Ikifika sekunde 45, ndege ni nzito mno au betri imechoka, na mvuto umeshapungua hadi nyutoni 3.

Taima ikizima mota, una kama mzunguko mmoja wa ziada. Rudi nyuma hatua mbili tatu huku ukiivuta ndege taratibu ili nyuzi zisilegee, iache ishuke yenyewe, na karibu na ardhi inua kidogo sana ili magurudumu yatangulie. Ikishasimama, msaidizi ndiye anayeiendea, nawe unabaki na kipini mkononi mpaka achomoe betri. Iguse betri hiyo. Ikiwa na joto la kawaida kama la kikombe cha chai kilichopoa, ni sawa. Ikiwa inaunguza, pangaboi ni kubwa mno kwa mota hiyo, badilisha kabla ya kurusha tena. Iache ipoe nusu saa ndipo uichaji.